Valensi, elektroni za valensi, namba ya oksidisheni au chaji: uandike ipi, na wapi?

Maji ya kwanza niliyoyaandika kwa fomula yalikuwa H₆O. Nilikuwa Kidato cha Pili, skuli moja ya huku Pemba, na wiki ile ile tulikuwa tumeambiwa mambo mawili: kwamba oksijeni ina elektroni za valensi sita, na kwamba ukitaka fomula ya kampaundi "unapishanisha valensi". Basi nikapishanisha. Ya haidrojeni moja, ya oksijeni sita, hii ikaenda huku na ile kule, likatoka hilo dude langu. Nilipigwa mkasi kwa wino mwekundu, bila neno la pili. Miaka miwili mizima nikawa naandika H₂O kwa sababu tu kila mtu anajua ni H₂O, lakini ile sita yangu ilikosea wapi sikuwa na habari.

Sasa mimi ndiye ninayekaa barazani Chake Chake baada ya alasiri, ubao mdogo umeegemezwa ukutani, watoto wa tuisheni wamekaa juu ya jamvi. Kila mwaka H₆O yangu inanirudia kwa sura nyengine. Mmoja ataandika kwamba salfa iliyomo ndani ya mrututu, ile dawa ya buluu, CuSO₄, ina chaji ya 6+. Mwengine atasema valensi ya oksijeni ni −2, kisha aulize kwa nini jibu la kitabu halina alama ya kutoa. Wote wanajua kuhesabu. Tatizo ni kwamba kuna hesabu nne tofauti zinazofanana sura kama mapacha, na hakuna aliyewaambia ipi inaitwa lini. Nimeona niziweke hapa bega kwa bega, mwenye kutaka kuchagua achague.

Nianze na chokaa, maana chokaa ndiyo inayotudanganya.

Aliyewahi kusimama karibu na tanuri la chokaa anajua mambo yake. Mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, na kinachobaki baada ya moto ni kitu cheupe chepesi kinachokausha mkono ukikishika. Kwa kemia, CaCO₃ imeachia CO₂ na kubakisha CaO. Ukiimwagia maji inachemka peke yake, inatoa mvuke, inapasuka na kuwa unga. Hiyo sasa ni Ca(OH)₂, chokaa iliyozimwa, ndiyo iliyosimamisha kuta za Mji Mkongwe. Sasa mshike huyo kalsiamu ndani ya CaO umuulize maswali. Valensi yako? Mbili. Elektroni zako za valensi? Mbili. Namba yako ya oksidisheni? Mbili, ya kujumlisha. Chaji yako? Mbili, ya kujumlisha. Mtoto anayefunzwa kwa mfano huu anaondoka na imani moja thabiti: haya ni majina manne ya kitu kimoja. Na walimu tunaupenda mfano huu kwa sababu ni rahisi. Mimi nimeuacha. Siku hizi naanza na mifano ambamo hesabu hizi zinagombana, kisha chokaa inakuja mwisho kama bahati nzuri.

Valensi inajibu swali moja tu: atomu hii ina mikono mingapi ya kushikia wenzake? Kipimo cha asili ni haidrojeni, ambaye ana mkono mmoja. Klorini anamshika haidrojeni mmoja, HCl, basi valensi yake moja. Oksijeni anashika wawili, H₂O, basi mbili. Naitrojeni watatu, NH₃. Kaboni wanne, CH₄. Mikono haina alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Hakuna mtu mwenye mikono hasi miwili.

Na hapa kuna jambo ambalo lingeniokoa na ule mkasi kama ningeambiwa mapema. Neno lenyewe linatokana na Kilatini, lenye maana ya nguvu au uwezo, na wazo lake ni kongwe kuliko elektroni. Mwingereza Edward Frankland aliliona mwaka 1852, alipogundua kwamba kila elementi ina kiwango chake cha kushiba inapoungana na nyengine. Mwaka 1858 August Kekulé na Archibald Scott Couper, kila mtu kwa njia yake, wakasema kaboni anashika wanne. Elektroni haikugunduliwa mpaka 1897. Yaani karibu miaka 45 wanakemia walikuwa wakitumia wazo hili bila ya kujua kwamba kuna kitu kinaitwa elektroni. Walikuwa na mizani tu: gramu ngapi za hiki zinaungana na gramu ngapi za kile. Sasa kama valensi iliweza kuishi bila elektroni, vipi iwe ndiyo idadi ya elektroni?

Elektroni za valensi ni swali jengine. Hapa tunauliza atomu ina nini mfukoni, elektroni ngapi katika ganda lake la nje. Oksijeni anazo sita. Lakini huyu anataka zitimie nane, kwa hiyo anapungukiwa na mbili, na ni hizo mbili anazozitafuta kwa kushikana na wengine. Sita mfukoni, mikono miwili. Klorini anazo saba mfukoni, mkono mmoja. Naitrojeni tano, mikono mitatu. Kaboni anazo nne na mikono minne, naye ni msumbufu kama chokaa, anawafanya watu waamini kwamba ndivyo ilivyo kwa wote. Aliyeunganisha mambo haya mawili, mikono na elektroni, ni Mmarekani Gilbert Newton Lewis mwaka 1916, aliposema kwamba mkono mmoja, yaani bondi moja, ni jozi ya elektroni inayomilikiwa na atomu mbili kwa pamoja.

Jina ndilo linalotatiza. "Elektroni za valensi" maana yake ni elektroni zinazohusika na kuunda valensi, kama vile unga wa mandazi ulivyo unga wa kufanyia mandazi. Ukiwa na vikombe sita vya unga wa mandazi huna mandazi sita.

Namba ya oksidisheni nayo haipo ndani ya atomu kabisa. Ipo kwenye daftari. Na daftari la mkopo kila mtoto wa mtaani analijua: mama katuma sukari, mwenye duka kaandika, mwezi ukiisha tunahesabiana. Katika kemia mwenye duka anafuata kanuni moja. Kila jozi ya elektroni inayomilikiwa na atomu mbili, yeye anaiandika yote kwa jina la yule anayevuta zaidi, hata kama kwa kweli bado wanashirikiana. Ndani ya maji, oksijeni anavuta kuliko haidrojeni, basi jozi zote mbili zimeandikwa kwake. Amepata ziada ya elektroni mbili kwenye karatasi, anakuwa −2. Kila haidrojeni amepoteza moja kwenye karatasi, anakuwa +1. Ukijumlisha daftari zima la molekuli isiyo na chaji lazima upate sifuri. Daftari lisilofunga ujue umekosea.

Chaji haina hadithi ndefu. Ioni ni atomu, au kundi la atomu, iliyopoteza elektroni kweli au iliyopata kweli. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji, ndani ya glasi ile mna Na⁺ na Cl⁻ wanaogelea, na wanapitisha umeme. Hiyo si karatasi.

Hata uandishi unazitenganisha, kama jicho lako limezoea. Chaji namba inatangulia, alama inafuata: 2+. Namba ya oksidisheni alama inatangulia: +2. Valensi ni 2 kavu. Anayesahihisha mtihani hilo analiangalia, na mimi nalihesabia nusu alama.

Sasa tuzipambanishe.

| Atomu, na mahali ilipo | Valensi | Elektroni za valensi | Namba ya oksidisheni | Chaji ya ioni |
|---|---|---|---|---|
| Kalsiamu, CaO | 2 | 2 | +2 | 2+ |
| Klorini, NaCl | 1 | 7 | −1 | 1− |
| Oksijeni, H₂O | 2 | 6 | −2 | si ioni |
| Oksijeni, H₂O₂ | 2 | 6 | −1 | si ioni |
| Naitrojeni, N₂ | 3 | 5 | 0 | si ioni |
| Kaboni, CH₄ | 4 | 4 | −4 | si ioni |
| Kaboni, CO₂ | 4 | 4 | +4 | si ioni |
| Salfa, CuSO₄ | 6 | 6 | +6 | salfeti nzima 2− |

Uangalie mstari wa H₂O₂, ile haidrojeni peroksaidi inayouzwa kwenye chupa za rangi duka la dawa. Oksijeni hapa bado ana mikono miwili: mmoja kamshika haidrojeni, wa pili kamshika oksijeni mwenzake. Lakini mwenye duka anapofika kwenye ile jozi baina ya oksijeni wawili anakwama, nguvu zao za kuvuta ni sawasawa. Amwandikie nani? Hamwandikii yeyote, anaigawa nusu kwa nusu. Kwa hiyo kila oksijeni anabaki na deni la haidrojeni tu, −1. Valensi haikubadilika, namba ya oksidisheni imebadilika. Mfano huu mmoja ukimwingia mtu, nusu ya kazi imekwisha.

Naitrojeni wa hewani ni vivyo hivyo. Mikono mitatu yote imeshikwa na mwenzake, tena imeshikwa khasa, ndiyo maana hewa haituunguzi. Lakini daftarini hakuna anayedaiwa, namba ni sifuri. Mwanafunzi anayefikiri namba ya oksidisheni ndiyo valensi atakwambia N₂ haina bondi.

Niuguse na mstari wa mwisho, mrututu. Wazee wanaujua kama dawa, vipande vya buluu vinavyosagwa. Ni CuSO₄ yenye maji matano. Yule aliyeandika salfa 6+ hakukosea hesabu: oksijeni wanne kwa −2 ni −8, shaba ni +2, salfa lazima awe +6 daftari lifunge. Alichokosea ni kuitoa namba hiyo kwenye karatasi na kuitia kwenye chupa. Hakuna ioni ya salfa yenye chaji ya 6+ inayoogelea ndani ya maji ya mrututu. Kinachoogelea ni Cu²⁺ na SO₄²⁻, salfeti nzima ikiwa kitu kimoja chenye chaji moja. Nilimwambia: "Mwanangu, ukiuyeyusha mrututu utamkuta nani mle ndani?" Akafikiri, akasema, "Shaba na salfeti, maalim." Basi andika uliyemkuta.

Mrututu huo huo una fumbo jengine ambalo watoto wa Kidato cha Tano wanaliuliza. Shaba ana valensi mbili, vipi basi kwenye kipande cha buluu amezungukwa na maji manne, kati ya yale matano, yaliyomshika? Jibu alilitoa Alfred Werner mwaka 1893: kuna hesabu ya tano, ya majirani wanaoizunguka atomu ya kati, na haifungwi na ile ya mikono. Yeye mwenyewe aliziita valensi ya kwanza na valensi ya pili, jambo lililozidisha mchanganyiko wa majina. Leo ile ya pili tunaiita namba ya uratibu. Werner alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Aliye chini ya Kidato cha Tano na aipite tu.

Basi, ukae na swali mkononi, uchague ipi?

Ukitakiwa uandike fomula, na mbele yako kuna majina tu, chukua valensi. Ndiyo kazi yake ya asili. Alumini tatu, oksijeni mbili, pishanisha: Al₂O₃. Kalsiamu mbili, hidroksili moja: Ca(OH)₂, na hayo mabano usiyasahau, maana CaOH₂ ni kitu chengine kabisa na nimeiona hata kwenye maandiko ya watu wazima. Kwa makundi kama salfeti, kaboneti na naitreti, "valensi" unayoikariri, mbili, mbili, moja, kwa kweli ni ukubwa wa chaji yake ulioachwa bila alama. Hapo walimu tumekubaliana kusema uongo mdogo, na unafaa kwa kazi hii. Usimpeleke tu mtu mbali nao, kwa sababu atakwenda kusema valensi ya salfa ni mbili kwa vile ya salfeti ni mbili.

Chuma ndiye anayetaka tahadhari hapo, kwani ana valensi zaidi ya moja. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito kliniki kwa kawaida vina chuma cha mbili, kwa mfano FeSO₄. Kutu inayokula nanga na mabati ya mapaa yetu ni chuma cha tatu, Fe₂O₃ iliyochukua maji. Ukiambiwa "salfeti ya chuma" bila ya zaidi huwezi kuandika kitu, maana FeSO₄ na Fe₂(SO₄)₃ zote zipo. Ndiyo sababu Mjerumani Alfred Stock alipendekeza mwaka 1919 namba ya Kirumi iwekwe ndani ya jina: chuma(II), chuma(III). Namba hiyo ya Kirumi ni ya daftari, ya oksidisheni, lakini kwa chumvi za kawaida unaweza kuisoma na kupishanisha kama valensi na ukatoka salama.

Ukitakiwa uchore molekuli, khasa za kaboni, chukua valensi na usimsikilize mtu. Nitaonesha kwa kitu cha kwetu. Ukipita Wawi, kiwanda cha makonyo kinapofanya kazi, harufu inakupokea kabla ya jengo. Vile vikonyo vilivyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa vinatolewa mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, C₁₀H₁₂O₂. Mpe mtu wa namba ya oksidisheni aifanyie kazi. Haidrojeni 12 ni +12, oksijeni wawili ni −4, inabaki +8, kwa hiyo kaboni kumi wana −8 baina yao, kila mmoja −0.8. Sasa −0.8 unaichorea nini? Ukiwatazama mmoja mmoja wala si −0.8, yule wa kwenye ringi aliyeshika OH ni +1, yule wa OCH₃ ni −2. Ile ni wastani tu, kama kusema kila nyumba ya mtaa ina watu wanne na nukta saba.

Mpe mtu wa valensi. Atakwambia kaboni wote kumi, popote walipo, kila mmoja ana mikono minne na hakuna mkono unaobaki wazi. Oksijeni miwili, haidrojeni mmoja. Anaanza na ringi ya kaboni sita wanaoshikana kwa zamu, bondi moja kisha mbili, anatundika OH upande mmoja, OCH₃ pembeni yake, na mkia wa kaboni watatu upande wa pili, CH₂ kisha CH, kisha CH₂ ya mwisho. Anahesabu mikono. Kwenye kile kipande cha mwisho cha mkia anaona kaboni wawili waliokaa jirani, kila mmoja amebakiwa na mkono mmoja mtupu, basi anawaunganisha kwa bondi ya pili. Anahesabu haidrojeni: ringi watatu, OH mmoja, OCH₃ watatu, mkia watano. Kumi na wawili kamili. Mara ya kwanza darasa langu lilipofika kwenye hesabu hiyo na ikatimia, mtoto mmoja aliinuka akanusa kiganja chake, alikuwa ametoka kuanika karafuu asubuhi. Sikusema kitu.

Ukitakiwa usawazishe mlinganyo ambamo elektroni zinahama, yaani oksidisheni na ridaksheni, hapo valensi iweke chini kabisa ufungue daftari. Pemba tunavuna chumvi kutoka maji ya bahari yaliyokaushwa kwa jua, na kabla ya kuingia sokoni inatiwa madini joto, yaani iodini, kwa umbo la potasiamu iodeti, KIO₃. Kuna iodini ya umbo jengine, KI, lakini iodeti inavumilia joto na unyevu zaidi, na sisi joto na unyevu tunavyo vya kutosha. Mtu wa kukagua anadondosha tone la dawa juu ya chumvi, na chumvi yenye madini joto inageuka buluu iliyokolea. Ndani ya tone mna tindikali, iodaidi na wanga. Iodeti na iodaidi zinakutana zinazaa I₂, na I₂ ndiyo inayompaka wanga rangi.

Jaribu kuisimulia habari hiyo kwa valensi. Iodini wa iodaidi, valensi moja. Iodini wa I₂, valensi moja. Kutoka moja hadi moja: hakuna kilichotokea! Na rangi je? Sasa fungua daftari. Iodini wa iodeti ni +5, kwa sababu oksijeni watatu ni −6 na chaji nzima ni 1−. Iodini wa iodaidi ni −1. Wote wanaishia sifuri. Wa kwanza amepokea elektroni tano, wa pili ametoa moja. Basi kwa kila iodeti mmoja unahitaji iodaidi watano, deni lilipike. Oksijeni watatu wanataka kuwa maji, kwa hiyo leta haidrojeni sita:

IO₃⁻ + 5I⁻ + 6H⁺ → 3I₂ + 3H₂O

Kisha ndiyo unaichukua chaji, kukagua. Kushoto 1− na 5− na 6+, jumla sifuri. Kulia sifuri. Imefunga. Ukitazama vizuri, hesabu mbili zimesaidiana hapa na kila moja imefanya yake: daftari limekupa ile tano, chaji imekuhakikishia.

Kuhusu chaji yenyewe kama chaguo, itumie penye ioni: vilivyoyeyuka majini, umeme kupita, kutenganisha kwa umeme. Kwenye methani au eujenoli usiitafute, hakuna.

Na elektroni za valensi? Hizo si jibu la mwisho la swali lolote kati ya haya, ila ndizo zinazokupa kianzio. Kwenye jedwali la elementi, namba ya kundi inakwambia ziko ngapi, kundi la kwanza hadi la nne mikono ni hiyo hiyo, kuanzia la tano unatoa kutoka nane. Ni njia ya mkato, nzuri kwa fomula za Kidato cha Pili, na inavunjika ukikutana na salfa wa mrututu, ambaye kwa njia hiyo angekuwa na mikono miwili na sisi tumemwona na sita. Gesi za kundi la mwisho nazo, ambazo vitabu vikongwe viliziandikia valensi sifuri, ziliaibisha watu mwaka 1962 Neil Bartlett alipomfanya zenoni aungane na wenzake. Kwa hiyo njia ya mkato ni njia ya mkato.

Nimalizie faida moja nje ya kemia, kwa wale wa mkondo wa lugha wanaokaa ukumbi huo huo wakituonea huruma. Mfaransa Lucien Tesnière aliliazima neno hili akalitia kwenye sarufi, kazi yake ikatoka 1959 mwenyewe ameshafariki. Kitenzi nacho kina mikono. "Pika" kina miwili, mpishi na chakula. "Pikia" kina mitatu, maana ameongezeka wa kupikiwa. "Pikwa" kinabaki na mmoja, chakula, na mpishi akitaka kuonekana lazima apitie mlango wa "na". Nilipowapa mfano huu, wa mkondo wa lugha ndio waliokuwa wa kwanza kuacha kuandika valensi yenye alama ya kutoa.

Swali ambalo bado linanifurahisha kila mwaka linatoka kwa wale makini waliokwisha kulipenda daftari. Mhunzi akigonga chuma chekundu, yale magamba meusi yanayoruka, ndani yake mna Fe₃O₄. Oksijeni wanne ni −8, chuma watatu wanagawana +8. Juzi kijana mmoja alikaa na hesabu hiyo mpaka wenzake wakafunga mikoba.

"Maalim, nane kwa tatu haigawiki. Chuma anatoaje elektroni mbili na theluthi mbili?"

"Kwani wote watatu lazima watoe sawa?"

Akakaa kimya. Kisha akaandika 3, 3, 2, akajumlisha kwa kidole, akachukua mkoba wake akaondoka bila ya kuaga.